Lamu na Shela: Uzuri Wenye Kazi

Ni zamu yangu tena, na leo sina habari za bei ya unga wala za siasa. Leo natembea. Nataka twende Lamu, tupite vichochoro vyake taratibu, kisha tushuke mpaka Shela, kule ufukweni ambako watu wa karibu na wa mbali huenda kupumzika. Aliye jikoni na apunguze moto, aliye na kikombe chake akishike vizuri, twende.

Kabla hatujaondoka, liko neno moja nitakalolirudia mara kadhaa. Mtanivumilia. Neno lenyewe ni hili: Lamu, kila kizuri kina kazi yake. Mgeni anapiga picha mlango, anapiga picha kichochoro, anapiga picha kilima cha mchanga, anasema "kupendeza kulioje!" Kweli kunapendeza. Lakini hivyo vyote havikuwekwa pale vipendeze. Viliwekwa vifanye kazi. Kila kizuri kina kazi yake. Haya, tushike njia.

Unafikaje Lamu? Ukitoka Mombasa kwa basi, unapita Malindi, unapita Garsen, unapita Witu, unasimamishwa kwenye vizuizi vya polisi na kuonyesha kitambulisho, hadi uchoke na kiti. Unashukia Mokowe, na hapo barabara imekwisha. Ukienda kwa ndege, unatua kisiwa cha Manda, na hapo pia nchi kavu imekwisha. Kwa vyovyote utaingia Lamu kwa chombo, na mji utauona kutoka majini kabla hujaukanyaga: safu ya nyumba nyeupe na za rangi ya mchanga, minara ya misikiti, na majahazi yamefungwa gatini. Hapo ndipo vijana watakapokuvamia kwa ukarimu. Mmoja amekamata mkoba, wa pili amekamata mkono, wa tatu anakuuliza umefikia wapi. Usiogope. Sema umefika kwa wenyewe, utapata nafasi ya kupumua.

Sasa tuingie ndani ya mji. Nyuma ya nyumba za mbele, sambamba na bahari, iko njia kuu ya zamani inayoitwa Usita wa Mui. Njia kuu, lakini msitazamie barabara. Ukinyoosha mikono yako miwili, sehemu nyingine unakaribia kugusa maduka ya huku na ya huku. Hapo pana muuza viatu, fundi cherehani, duka la halwa, kinyozi, muuza achari na mabuyu, na harufu ya viazi karai ikikufuata kila unapokwenda. Kaskazini mtaa unaitwa Mkomani, huko ndiko zilikosongamana nyumba kongwe za mawe. Kusini ni Langoni, kuliko na maduka zaidi na Msikiti wa Riyadha, ule wa mwanachuoni Habib Swaleh, ambako watu hukusanyika kwa Maulidi kila mwaka, na mashindano ya punda huchangamsha mji mzima.

Nimetaja punda. Lamu mzigo wa mji uko juu ya mgongo wa punda. Mchanga, mawe, saruji, madumu ya maji, kabati la bibi harusi, vyote punda. Hakuna anayepiga honi, unasikia kwato, unasikia "hebu njia!", nawe unajibana ukutani. Na ukishajibana ukutani na mwenzako naye amejibana mbele yako, mtafanyaje? Mtasalimiana tu. Huwezi kukaa umbali wa shubiri na mtu ukajifanya hukumwona. Siku hizi pikipiki zimefika kisiwani na pembezoni zinavuma, na ubishi juu yake ni mkali, kwani vijana wanataka kazi na wazee wanataka utulivu. Mimi nilikuwa upande wa punda kabla sijafika, na nilirudi upande huohuo.

Lakini tujiulize: kwa nini njia hizi ni nyembamba hivyo? Je, wajenzi walikosa ardhi? Simama katika kimoja cha vichochoro hivyo saa saba ya mchana, jua la utosi, uone. Nyumba za ghorofa mbili tatu zimesimama karibu karibu, kivuli kimejaa chini mpaka juu. Ukitoka kule kwenye gati ambako mawe yanachoma, ukaingia kichochoroni, unahisi kama umevuliwa gunia. Na vichochoro vingi vinateremka kuelekea baharini, hivyo upepo wa bahari unapata njia ya kupanda, na maji ya mvua yanapata njia ya kushuka. Pembeni utaona mitaro midogo imechimbwa kwa ajili hiyo. Wembamba ule ni kivuli, mteremko ule ni upepo na mfereji. Kizuri kina kazi yake.

Ukitazama juu, mahali pengine utaona chumba kimevuka njia, kimeunganisha nyumba ya huku na ya kule, nawe unapita chini yake. Hicho kinaitwa wikio. Mgeni anakipenda kwa sababu ya kile kiza chake cha kupendeza. Wenye nyumba wamepata chumba cha ziada bila kununua kiwanja, na akina mama waliweza kutoka nyumba moja kwenda ya pili bila kushuka njiani. Ukitazama mbele, utaona mlango wa nakshi na pembeni yake viti vya mawe, huku na huku. Hilo ndilo daka. Mwenye nyumba huketi hapo na wageni wake, kahawa ikapita, habari zikapita, bila mtu kuingia ndani na kuwabughudhi wa nyumbani. Mgeni wa heshima zaidi anavuka daka, anafika tekani, ukumbi mdogo baada ya mlango. Wa karibu zaidi anafika kiwandani, kwenye uwazi wa katikati. Kisha kumbi za ndani, msana wa tini na msana wa yuu, mpaka ndani kabisa, kila hatua ina watu wake. Kwa hiyo mlango ule unaoupiga picha ni mwanzo tu wa milango.

Na vyumba vyenyewe? Virefu na vyembamba. Kwa nini? Hapa nilifurahi sana nilipofahamishwa. Dari hubebwa na boriti, miti ya mikoko inayokatwa katika visiwa na hori za huko huko, ile ile iliyosafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba kujengea nyumba za huko. Boriti ina urefu wake, haivutiki. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi. Ukitaka chumba kikubwa, ongeza urefu, upana huna ruhusa nao. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, joto haliingii haraka. Na ule ukuta wa ndani wenye zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu kwa lipu ya chokaa, vikiwekwa sahani za kaure na vitabu, unafanya chumba chembamba kionekane kinakwenda mbali. Kijanja kabisa.

Iko nyumba moja katikati ya mji iliyogeuzwa jumba dogo la makumbusho la nyumba ya Kiswahili. Nilipopita na wenzangu, msichana aliyetuongoza alituonyesha birika la chooni, lile hodhi la maji ya kuogea na kutawadhia, akatueleza kwamba watu hufuga ndani yake visamaki vidogo. Mwenzetu mmoja, mtu wa Nairobi, akamwuliza, "Ni vya kupambia?"

"La, mjomba," akasema, "hivyo hula viluwiluwi vya mbu."

Tukacheka. Kisha akatueleza jambo zuri zaidi: chini ya birika la zamani hupachikwa bakuli la kaure, pengine lililotoka Uchina na majahazi ya kale. Birika likipungua maji au likisafishwa, visamaki hukimbilia ndani ya bakuli, vikangoja maji mapya. Bakuli la Kichina, wasikilizaji! Leo mtu angeliweka kabatini na kulifungia kwa ufunguo. Wao walilipachika chooni, lihifadhi samaki, samaki wale mbu. Nirudie tena lile neno langu? Nadhani sasa mtalisema wenyewe.

Tulia kidogo, nipite Mkunguni. Huo ni uwanja ulio mbele ya Ngome, una miti mikubwa, soko liko ubavuni, na wazee wamekaa na magazeti na bao. Ngome ilimalizika kujengwa mwaka 1821. Baadaye ikawa jela kwa miaka mingi, hadi 1984, na sasa ni makumbusho na ukumbi wa mikutano. Karibu na hapo uko Msikiti wa Pwani, unaotajwa kuwa mkongwe kuliko yote ya mji. Imamu wake aliyejulikana sana ni Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, yule wanayemwita Ustadh Mau, mshairi mkubwa wa zama zetu, ambaye kwa miaka aliendesha tanuri la mikate. Imamu, mshairi, na mwokaji. Lamu hata mshairi ana kazi yake ya asubuhi.

Mji huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Hayo mnayasikia kila siku, sitayarefusha. Twende Shela.

Shela ni mwendo wa kama dakika arubaini kwa miguu kutoka mjini, kufuata ukingo wa maji kwenda kusini. Lakini kwa miguu lini? Hilo ndilo swali. Maji yakiwa yamekupwa, unatembea juu ya mchanga mgumu, unapita hospitali, unapita mashua zilizolalia ubavu, watoto wanacheza mpira, hata viatu havilowi. Maji yakijaa, njia hiyo imekwenda na maji. Utavua viatu, utapandisha suruali, au utazunguka kwa nyuma, au utaita boti. Muulize mtu yeyote, atakwambia saa bila kutazama popote. Wenyeji wanaijua saa ya maji kuliko saa ya mkononi, na mgeni asiyeuliza hufika hotelini amelowa mpaka kiunoni.

Na maji hayo hayo yaliwahi kuamua vita. Mnakumbuka Ngome niliyowatajia? Yapata mwaka 1812, jeshi la kisiwa cha Pate pamoja na Mazrui, watawala wa Mombasa, lilishuka Shela likitaka kuikalia Lamu. Watu wa Lamu wakawatokea, wakawasukuma mpaka ufukweni. Wavamizi wakakimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimekaa mchangani: maji yamekupwa. Wengi walikufa pale, na watu walisimuliana kwa miaka mingi habari za mifupa iliyofunuliwa na upepo kwenye mchanga. Baada ya ushindi huo Lamu iliogopa kisasi, ikamwendea Sayyid Said wa Oman kuomba ulinzi. Askari wakaletwa, Ngome ikamalizwa, na ukurasa mpya wa historia ya pwani yetu yote ukafunguka. Leo pale mtu anatandika taulo na kusoma riwaya. Sisemi asisome; nasema ajue amelala wapi.

Shela yenyewe ni kijiji cha kupendeza. Vichochoro vyake ni vya mchanga, nyayo hazisikiki. Msikiti wa Ijumaa, wa mwaka 1829, una mnara mweupe wa umbo la pia iliyopinduliwa, hauna mwenzake mjini. Maua ya bogenvilea yameangukia kuta. Hoteli ya Peponi iko pale ukingoni tangu 1967, na baada yake zikaja nyumba nyingi za wageni, nyingine za wenyeji, nyingine za watu waliotoka Ulaya wakapenda wakanunua. Chai ya jioni ukiinywea juu ya dari, chini ya makuti, unaona mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda, majahazi yakipita na matanga yao, na unaelewa kwa nini mtu huja kwa wiki moja kisha akatafuta kiwanja.

Ukivuka nyumba za mwisho, unakutana na ufuo. Mchanga, mchanga, mchanga, kilomita zipatazo kumi na mbili, na nyuma yake vilima vya mchanga vimepanda juu kuliko nyumba. Watu wanavipanda kutazama machweo, watoto wanaviteremka kwa makalio. Na hapa, wasikilizaji, nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa nawapeleka tangu mwanzo.

Vilima hivi vina kazi gani?

Vilima hivi ndivyo tangi la maji la Lamu. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza, haikimbii baharini. Inachujwa ikishuka, mpaka inafika chini ambako maji ya bahari nayo yamepenya kutoka pande zote. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, basi yanakaa juu yake kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Visima vya Shela vinachota pale, bomba linapeleka mjini, na lile birika lenye visamaki linajazwa. Mnaona sasa njia ilivyozunguka? Kichochoro, nyumba, birika, kisima, kilima cha mchanga. Ni kitu kimoja. Mji uko kule, lakini maji yake yamelala huku, chini ya mahali watu wanapopigia picha za harusi.

Sasa, mafuta juu ya mchuzi ukiyachota kwa pupa, unafika kwenye mchuzi. Kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi inapanda. Na ikishapanda, haiondoki kwa kuambiwa. Hili si jambo la kubuni huku. Majirani zake Shela wana kumbukumbu nalo. Ng'ambo kule, kisiwani Manda, uko mji uliokufa unaoitwa Takwa. Una magofu ya msikiti na kaburi la mnara. Mji huo ulihamwa karne ya 17, na sababu mojawapo inayotajwa ni maji ya visima kugeuka chumvi. Watu wa Takwa walivuka wakaja kukaa wapi? Shela. Na watu wa Shela wamekuwa na ada ya kurudi kwenye kaburi lile la Takwa kuomba dua ya mvua. Nawaombeni mlifikirie hilo: watu waliokimbia chumvi, wakahamia penye mchanga wenye maji matamu, na bado wanarudi walikotoka kuomba mvua.

Vilima hivyo vimetangazwa rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa. Hata hivyo nyumba zimekuwa zikivisogelea, na kesi na manung'uniko hayakosi. Mimi si katika wale wanaomlaumu mgeni kwa kila jambo. Semeni kweli: nyumba nyingi zilizokuwa zinaanguka zimesimama kwa pesa za wageni. Mafundi wa lipu ya chokaa, wachonga milango, wajenzi wa majahazi kule Matondoni, wamepata wateja ambao sisi wenyewe hatukuwa nao, kwani sisi tulikuwa tunashangilia mabati na matofali ya saruji. Hilo nalisema bila kuficha. Na aliyeuza nyumba yake ya Shela alipata mtaji wa kusomesha watoto, nani atamzuia?

Lakini nyumba iliyofungwa miezi tisa kwa mwaka, daka lake limezungushiwa kamba mtu asikae, hilo bado ni daka? Jiwe ni lile lile, nakshi ni zile zile, ila kazi imekwisha. Mzee aliyekuwa akiketi pale jioni ameketi wapi? Niliona moja la namna hiyo, safi kuliko yote ya kichochoro kile, na paka peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa. Na bwawa la kuogelea lililochimbwa chini ya kilima cha mchanga, likijazwa kwa maji yale yale matamu, hatua mia chache kutoka bahari nzima ya kuogelea! Hapo nashindwa kuwa mpole. Bahari iko pale, bure, haina mwisho, na mtu anaogelea katika maji ya kunywa ya mji mwingine.

Nilimweleza hayo nahodha wa boti iliyonirudisha mjini. Hakushtuka. Alisema wao wanajua mwaka wa mvua na mwaka wa ukame kwa ladha ya chai tu. Kisha akarudi kwenye hoja yake muhimu, ambayo ilikuwa nauli.

Basi wasikilizaji, muda wangu unakatika, mtayarishaji ananionyesha vidole. Kwa wanaotaka kwenda, nitawapa machache ya haraka. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari inakuwa laini na jua kali. Kusi ikianza kuvuma, mawimbi ya ufuo wa nje wa Shela yanakuwa na nguvu, usiwaachie watoto. Mwezi wa Mei mvua ni nyingi na hoteli kadhaa hufunga. Nauli ya boti mwafikiane kabla hujatia mguu ndani, maana ukishakaa umeshakubali. Mjini vaa kwa staha, ni mji wa misikiti. Kula mkate wa mofa ukiwa bado moto, na samaki wa kupaka usimwagize katika hoteli kubwa, ulizia nyumba ya mama anayepikia watu. Na ukioga, oga haraka.

Nataka pia kusikia kutoka kwenu. Niandikieni au nipigieni kupitia kituo hiki, mniambie jambo moja tu: hapo mlipo, iwe Tanga, Kisumu, Bujumbura au Maskati, maji mnayokunywa yanatoka wapi, na juu yake pamejengwa nini? Nitasoma majibu yenu tutakapokutana tena juma lijalo, saa hii hii. Usiku mwema.